Hijama Dar es Salaam: donge la kikombeni si uchafu, tuuliziane kuhusu kikombe chenyewe

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salaam.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mama yangu mdogo kwenda kupiga hijama, yaani kuumikwa kwa vikombe, huko Temeke. Kazi yangu ya kila siku ni ya maabara, damu naishika kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo badala ya kungoja nje niliomba ruhusa nikakaa pembeni mwa kitanda na kutazama shughuli nzima. Nafungua uzi huu kwa sababu mengi yaliyosemwa mle chumbani kuhusu damu hayakuwa sahihi, na lile jambo moja lililostahili kusemwa halikusemwa na mtu yeyote, nami mwenyewe nililisema kwa kuchelewa.

Mama mdogo alilala kifudifudi, mgongo ukapanguswa kwa spiriti, kisha kijana mmoja mpole, mwenye mkono mwepesi, akapachika vikombe 7 vya plastiki: kimoja chini kidogo ya shingo katikati ya mabega, mahali ambapo wenyewe wanapaita kahili, viwili juu ya mabega, na vilivyobaki akavishusha kandokando ya uti wa mgongo. Kila kikombe alikitoa hewa kwa pampu ya mkono, mivuto miwili mitatu, na ngozi ikapanda ndani yake kama andazi linavyoumuka, ikawa nyekundu, halafu ikaelekea zambarau. Baada ya kama dakika 5 alivibandua, akafungua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake mbele ya macho yangu, akachanja chale fupi za juu juu, kisha akavirudisha vikombe palepale. Damu haikuruka. Ilichuruzika polepole kama jasho, ikajikusanya. Alipovitoa mara ya pili, kilichodondoka kwenye kitambaa cheupe kilikuwa donge jeusi linalotetemeka, mfano wa kipande cha ini.

"Umeona, kaka?" akaniambia. "Hii ndiyo damu chafu. Nzuri imebaki mwilini."

Mama mdogo aligeuza shingo kutazama, akasema alhamdulillahi, na nikaona kabisa usoni mwake kwamba donge lile limemridhisha kuliko vidonge vyote alivyowahi kumeza. Ndiyo maana naomba nilieleze kwa utaratibu.

Damu ya mtu yeyote mwenye afya ikitoka mwilini na kuachwa itulie, huganda. Maabara tunayo mirija ya kifuniko chekundu ambayo haikutiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukiweka damu humo ukaiacha nusu saa, utalikuta donge lilelile, jeusi, lenye kuteleza, na juu yake yamejitenga maji ya rangi ya manjano. Kinacholifanya ni nyuzi laini sana za protini iitwayo faibrini, ambazo hujisuka kama jarife na kuzinasa chembe nyekundu. Weusi nao una sababu nyepesi: chale za hijama hukata mishipa midogo kabisa ya ngozini, na damu iliyovutwa ikafungiwa hapo imekwisha kutoa oksijeni yake. Hata damu ninayoichukua kwenye mshipa wa mkono wa kijana anayecheza mpira kila jioni huwa ni ya rangi nzito, iliyoiva, inayokaribia zambarau.

Kwa hiyo donge ni dalili kwamba damu inafanya kazi yake. Wa kumhofia ni yule ambaye vikombe vyake vinajaa damu nyepesi isiyoshikana, na chale zake zinaendelea kuvuja hata baada ya kubandikwa pamba. Huyo huenda anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini au klopidogreli, au ana himofilia, ugonjwa wa kuzaliwa wa damu isiyoganda vizuri, au ini lake limeharibika kiasi cha kushindwa kutengeneza protini za kugandisha damu. Mtaalamu wa hijama aliyefundishwa kwamba donge ndio uchafu atamtazama mtu huyo na kumpongeza kwamba damu yake ni safi.

Wala mgongoni hakuna ghala la damu mbovu. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, nayo ni moja, inazunguka mwili mzima bila kupumzika. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120. Zikizeeka, wengu na ini huzivunja na kuyarudisha madini ya chuma yatumike upya. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini ikabaki ile lita moja na ushee tunayoikojoa. Kilichomo kikombeni ni sehemu ya damu hiyohiyo, imetokea mlango wa ngozi.

Je, ninasema hijama haina maana? Sisemi hivyo, na yeyote atakayeninukuu hivyo atakuwa amenizulia. Babu yangu mzaa mama, huko Rufiji, alikuwa muumishi. Alikuwa na pembe tatu za ng'ombe zilizosuguliwa zikang'aa, kila moja imetobolewa nchani. Aliweka mdomo wa pembe juu ya ngozi, akafyonza hewa kwa kinywa chake kupitia kile kitundu, na kwa ulimi akasukuma kipande cha nta ya nyuki alichokuwa amekificha shavuni kuziba tundu, pembe ikashika. Kisha aliibandua, akachanja kwa kijembe, akaiumika tena. Wavuvi na wakata miti waliokuja hawawezi kuinama walikuwa wakiondoka wamenyooka. Pembe hiyo ndiyo chuku, neno ambalo sasa tunalijua zaidi kwa maana ya kutia chumvi katika maneno, na kila nikiona nyama isiyovimba inavyovimbishwa ndani ya kikombe, naona waliotuachia maana hizo mbili katika neno moja walikuwa watu wenye macho.

Na nafuu ile si ya kufikirika tu. Tafiti nyingi zimefanywa kuhusu kuumikwa kwa ajili ya maumivu ya shingo na ya kiuno, na zinapokusanywa pamoja huonesha kwamba watu hupata nafuu ya muda mfupi. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kumuumika mtu bila yeye kujua kwamba ameumikwa, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha kazi ya kikombe na kazi ya matumaini, ya kulala saa nzima bila simu, na ya mkono wa mtu anayekuhudumia kwa upole. Mimi naridhika kusema kwamba kwa misuli iliyokaza, kwa shingo ya dereva na mgongo wa fundi cherehani, hijama ni tiba ya kujaribu kwa moyo mkunjufu. Kwa kisukari, presha, ugumba na saratani, mambo ambayo nimeyaona yameorodheshwa kwenye mabango ya mitaani hapa jijini, sina ushahidi wa kumpa mtu, na wanaoyaandika hawanao pia.

Sasa nifike kwenye lile nililochelewa kulisema. Wembe ulikuwa mpya. Glavu zilikuwepo. Vikombe je? Vilitolewa kwenye ndoo ya maji ya sabuni iliyokuwa chini ya meza, vikafutwa kwa kitambaa, vikapachikwa. Nilikuja kukiangalia kimoja kwa karibu wakati mama mdogo anavaa. Juu ya kila kikombe kuna vali, kipande kidogo cha plastiki chenye mpira ndani yake, pale pampu inapochomekwa. Ukikigeuza kikombe na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha, chini ya ule mpira palikuwa na mstari mwembamba wa hudhurungi, uliokauka, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ile ilikuwa damu, na haikuwa ya mama mdogo.

Kikombe hicho kilikuwa kimekaa juu ya chale mbichi kwa dakika kadhaa kikiivuta. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza juu ya kitu kikavu kwa siku 7 na zaidi, na kiasi kidogo mno cha damu, kisichoonekana kwa macho, kinatosha. Maji ya sabuni hayakiui. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002, maana yake wengi wetu tuliokwisha kuwa watu wazima, ambao ndio wateja wakubwa wa hijama, hatukuipata utotoni. Homa ya ini aina ya C haina chanjo kabisa.

Tunaulizana kuhusu wembe kwa sababu kampeni za Ukimwi zilitufundisha kuulizana kuhusu wembe. Kuhusu kikombe hakuna aliyetufundisha. Wenye uzoefu, tafadhali changieni.

Ustadh wa Magomeni

Wa alaykum salaam. Nimekusoma kwa makini, ndugu yangu, na nilianza nikiwa na wasiwasi kwamba unakuja kuibeza sunna, lakini namshukuru Mungu nimeona sivyo. Hijama ni jambo lililothibiti katika hadithi sahihi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliumikwa, akamlipa aliyemuumika, naye alikuwa Abu Taiba, na ameitaja hijama pamoja na asali miongoni mwa mambo yenye shifaa, yaani ponyo. Siku za tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo zimepokewa pia kuwa siku za kuumikwa. Hakuna Mwislamu anayehitaji ruhusa ya maabara ili aamini hayo.

Hata hivyo, naomba niwakumbushe vijana wanaofungua vyumba vya hijama kila mtaa kwamba ipo hadithi nyingine isiyosomwa sana kwenye matangazo yao, nayo ni ile isemayo kwa maana yake kwamba mtu anayejitia utabibu hali hakujulikana kuwa na elimu ya tiba, basi yeye ni mdhamini, yaani madhara yatakayotokea ni juu yake. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya dini, walijenga juu yake mlango mzima wa dhamana ya tabibu. Sunna ni tendo. Ufundi wa kulitenda unasomewa. Wala sijaona popote katika dini kwamba tumeamrishwa kuamini kuwa donge ni uchafu.

Kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi, niongeze: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, kuumikwa hakubatilishi funga, ingawa Mahanbali wanaona kunabatilisha. Lakini mwenye kuona kwamba kutamdhoofisha na aahirishe hadi usiku.

Mwana Buguruni

Wakuu, mimi naona mnatishana. Waogeleaji wakubwa wa Marekani wanapiga hijama. Michael Phelps alionekana mbele ya dunia nzima kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na maduara mabegani. Kama kingekuwa kitu cha hatari, madaktari wao wangeruhusu?

Mwanzisha uzi

Ustadh, Mungu akuzidishie. Hiyo hadithi ya dhamana ningeomba ibandikwe ukutani katika kila chumba cha hijama, mahali ambapo mteja anaiona akiwa amekaa akisubiri zamu yake.

Ndugu yangu wa Buguruni, maduara yale yalikuwa ya vikombe vikavu. Kikombe kikavu huvuta ngozi, huacha alama ya mduara inayofifia baada ya siku chache, na hakuna chale wala damu inayotoka nje. Mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanzie hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya nafuu ya misuli inawezekana kupatikana hata bila kumwaga tone. Ninachokizungumzia mimi ni kile chenye chale, na chale, hata ikiwa fupi kama punje ya mchele, ni upasuaji: umeufungua mwili, na kuanzia hapo kanuni zote za chumba cha upasuaji zinakuhusu.

Wala jambo hili si la Waarabu peke yao au letu peke yetu. Wagiriki wa enzi ya tabibu Hippocrates waliumika, tabibu Ibn Sina ameliandikia, Wachina walitumia pembe kama babu yangu. Hata hospitali za leo hutoa damu kama tiba katika magonjwa machache sana, kwa mfano ule ambao mwili hulimbikiza madini ya chuma kupita kiasi, na ule ambao chembe nyekundu huzidi hadi damu ikawa nzito. Tofauti ni kwamba huko hupima kwanza ndipo wakatoa, na wakishatoa hupima tena.

Mama Wawili

Habari zenu. Mimi nina swali, na niwe mkweli, naliuliza nikiwa na hofu. Binti yangu ana umri wa miaka 16 na ana selimundu (siko seli). Shangazi yake amesisitiza sana tumpeleke hijama kwa sababu ya maumivu ya mifupa yanayomsumbua kila msimu wa baridi, na anasema yupo jirani ambaye mtoto wake alipona. Pia mimi mwenyewe nilipigwa hijama mwaka jana nikazimia kitandani, nikaambiwa ni jini linatoka. Naombeni ushauri.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, tafadhali usimpeleke binti huyo kutolewa damu. Mwenye selimundu tayari ana upungufu wa damu. Chembe zake huvunjika mapema mno, badala ya siku 120 nyingi hazifikishi hata 20, kwa hiyo kila tone analo kwa shida. Zaidi ya hapo, akipata maambukizi kwenye chale, maambukizi hayo yanaweza kumwamshia yale maumivu mnayojaribu kuyatuliza. Maumivu yake yana kliniki yake, na kuna dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza idadi ya vipindi vya maumivu. Kamuulizie daktari wake kama anafaa kuitumia. Shangazi anampenda, hilo linaonekana. Mpelekeni pamoja kliniki akasikie mwenyewe.

Kuhusu kuzimia kwako, hicho ni kitu tunachokiona mara kwa mara hata kwa wachangia damu wenye miili mikubwa. Mtu akiona damu, akiwa na njaa, akiwa na hofu au akiinuka ghafla, mapigo ya moyo hupungua, mishipa hulegea, damu hushuka miguuni na kichwa hubaki bila ya kutosha. Dawa yake ni kumlaza chali, kumwinulia miguu, na kumwacha apate hewa. Ninachokiomba kwa wataalamu wa hijama ni kwamba mtu akizimia wamwinulie miguu kwanza, maana mzimiaji aliyewekwa ameketi ili asomewe anaweza kuendelea kukosa damu kichwani.

Na hapa niguse kiasi cha damu, kwa sababu wengi hawakipigii hesabu. Tukichukulia kwamba kila kikombe kimetoa mililita 20 tu, vikombe 10 ni mililita 200, karibu nusu ya mililita 450 za chupa ya mchangia damu. Mchangia damu hupimwa uzito, asipofika kilo 50 hurudishwa nyumbani. Hupimwa wingi wa damu. Akishatoa, mwanaume huambiwa asirudi mpaka miezi 3 ipite na mwanamke miezi 4. Nimewahi kukutana na mama anayepiga hijama kila mwezi, viganja vyake vyeupe kama karatasi, akilalamika uchovu, naye uchovu huo anaupeleka tena kwenye hijama. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja la kidoleni na majibu ni ya dakika chache. Wajawazito wasipigwe kabisa, na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kabla hajavua shati.

Mwana Buguruni

Nimekuelewa kuhusu kikavu na chenye chale, sikuwa najua. Lakini la presha nalipinga. Mimi baba yangu presha ilishuka siku ileile, tulipima kwa mashine.

Mwanzisha uzi

Siwezi kubisha kipimo chenu, na inawezekana kabisa. Mtu akilala saa nzima, akatulia, akatokwa na damu kidogo, mashine itasoma chini. Swali ni kesho yake, na wiki ya pili.

Nitaeleza jambo ambalo familia yetu haipendi kulizungumza. Mjomba wangu alikuwa na presha kwa miaka, akinywa amlodipini. Alipiga hijama mahali fulani hapa jijini, akapimwa baada ya saa moja, presha ikawa nzuri, na akaambiwa kwamba damu imesafishwa, dawa za hospitali zitamharibu figo. Aliviweka vidonge kwenye droo. Hakuhisi chochote, kwani presha haina makelele. Wiki ya sita alfajiri alishindwa kushika kikombe cha chai, mdomo umekwenda upande. Na hapo ndipo linalonichoma zaidi: badala ya kumkimbiza hospitali, nyumbani walimwita mtu aje amuumike kichwani, kwa kuwa walikwisha sikia kwamba hijama inazibua mishipa. Zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, lakini zinapaswa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Sijui kama zingemfaa yeye. Ninachojua ni kwamba saa hizo ziliishia kwenye mkeka wa sebuleni. Anaishi, ila mkono wa kulia haujarudi.

Baba yako na aendelee na hijama yake kama inamtuliza. Vidonge avinywe asubuhi ileile ya hijama, na apime presha kila wiki kwa mwezi mzima, mwandike namba kwenye daftari.

Muumishi wa Tandika

Nimesoma uzi wote kimya kimya, nikaona ni wajibu wangu kujibu, kwa kuwa kazi hii ndiyo inayonilisha. Nina miaka 9 ndani ya hijama. Nilijifunza kwa mwalimu wangu, baadaye nikajisajili kwa kupitia mratibu wa tiba asili wa manispaa, na cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kipo ukutani. Wenzangu wengi hawanacho, ingawa sheria yenyewe ipo tangu mwaka 2002.

Baada ya kusoma habari ya vali, jana usiku nilivichukua vikombe vyangu nikavikagua kwa tochi ya simu. Sitasema nilichokiona, mnaweza kukisia. Mimi nilikuwa navilowesha kwenye klorini na nikiamini nimemaliza. Sasa naomba nielekezwe: je, vikombe hivi vinaweza kuchemshwa? Na pamba zenye damu, kwa ukweli, wengi wetu tunazifunga kwenye mfuko mweusi na kumpa mzoa taka. Tufanyeje? Mteja wangu wa kawaida ni bodaboda na mama ntilie, siwezi kumpandishia bei akanikimbia.

Mwanzisha uzi

Kaka, umenipa heshima kubwa kwa kujibu hivyo, na nitakujibu kwa kadiri ninavyojua.

Klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 ni hatua ya kwanza, ni ya kupunguza makali ili wewe mwenye kuosha usiambukizwe. Haikitakasi kifaa kinachogusa chale. Kifaa kama hicho hutakaswa kwenye otoklevu, kwa mvuke wenye mgandamizo wa nyuzi joto 121, na vikombe vingi vya plastiki vya bei nafuu hujikunja humo na mpira wa vali hupoteza nguvu. Kuchemsha kwa sufuria nako hakufikii joto hilo. Njia rahisi kwako ni kikombe cha mtu mmoja. Wapo wanaotumia na kutupa, na wapo wanaomuuzia mteja seti yake akaja nayo kila mara, na kwa mteja wa kudumu hii ya pili gharama yake hulipwa mara moja tu. Pampu inaweza kubaki ya wote, kwa kuwa haigusi mwili, lakini uipanguse na uichunguze mrija wake kila mara, na ukiona damu imepanda ndani yake, itupe. Jambo la kuzingatia tu ni kwamba seti ya mteja ikae na mteja nyumbani kwake, isikae kwenye rafu yako pamoja na za wenzake, maana siku ya foleni ndefu zitachanganywa.

Wembe uingie kwenye kisanduku cha usalama, kile cha boksi gumu kisichopenyeka, na pamba kwenye mfuko wa taka hatarishi. Vituo vya afya vingi vina tanuri la kuchomea taka. Nenda na barua yako ya usajili ukaongee na mganga mfawidhi wa kituo kilicho jirani nawe, ama upitie kwa yule mratibu wa manispaa aliyekusajili. Mzoa taka wetu hufungua mifuko kwa mikono mitupu akitafuta chupa za plastiki. Nimemwona akifanya hivyo mtaani kwangu.

Na wewe binafsi, kapime homa ya ini aina ya B wiki hii. Ukiwa huna, anza chanjo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Miaka 9 ya kushika damu za watu ni mingi.

Mama Wawili

Asante sana, kaka. Nimempigia shangazi simu, tumekubaliana twende naye kliniki Jumanne. Na je, mama yako mdogo imekuwaje?

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa kuuliza. Jioni ileile nilimpeleka kituo cha afya nikaeleza kuhusu kikombe. Hakunielewa kirahisi, aliona namharibia siku, na njia nzima ndani ya daladala alinyamaza akitazama nje. Walimpima, vipimo vyote vya siku hiyo vikawa salama, akachomwa chanjo ya kwanza palepale. Atarudi kupima baada ya miezi 3 na tena baada ya miezi 6, kwa kuwa maambukizi mapya hayaonekani siku ileile.

Shingo yake, kwa haki, imelegea. Anageuka upande wa kushoto bila kugeuza mwili mzima, jambo ambalo hakuliweza tangu mfungo uliopita. Ameniambia atakwenda tena, na sikumkataza. Nimemnunulia vikombe vyake 8, ameviweka kwenye kimkoba cha zipu ndani ya kabati la vyombo, na juu yake ameandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito.